Usingizi wa Kofia

Kazini walimwita Bi Chaji, naye hakununa. Mtu anayezunguka meza hadi meza akiuliza "imebaki ngapi?" hawezi kudai jina zuri kuliko hilo. Kazi yake ilikuwa umeme wa kofia: utoke wapi, uende wapi, nani apewe na nani anyimwe. Wenzake walishughulika na vioo, kamera na maandishi yanayoelea hewani, mambo ambayo mgeni akionyeshwa hukodoa macho. Bi Chaji alishughulika na betri, kitu ambacho mgeni haulizi habari zake mpaka kiishe.

Kofia yenyewe haikuwa kofia. Ilikuwa miwani iliyokula ikashiba, ikaota mkanda wa kuzunguka kichwa. Anayeivaa huona chumba chake kama kilivyo, watu na viti mahali pao, ila mtu akisema jambo, maneno yake hujiandika hewani kando ya kidevu chake kwa herufi nyeupe, hukaa kidogo, kisha hufifia. Na kama mvaaji amegeukia kwingine, yanajiandika pembeni mwa jicho lake, asipitwe na kitu. Ilitengenezwa kwa ajili ya watu ambao masikio yamewagomea.

Sasa, kifaa cha namna hiyo kina kiu. Kamera zinataka umeme, vioo vinataka, na ile chipu kubwa inayogeuza sauti kuwa maandishi hunywa kama mtu aliyeshinda akibeba mawe. Ukiipa betri kubwa, shingo ya mvaaji inalia. Ukiipa ndogo, inazima kabla ya chakula cha mchana. Ukiiweka betri mbele, miwani inaburuta pua. Ukiiweka mfukoni unahitaji waya, na waya una tabia ya kunasa kwenye kila kitasa cha mlango, ukamvuta mtu mzima kichwa nyuma kama mbuzi anayerudishwa zizini.

Bi Chaji aliiweka kisogoni, bapa, ndogo kama kiberiti, ikasawazisha uzito wa vioo vya mbele. Kisha akafanya lile lililompa sifa: akaifundisha kofia kulala. Chumba kikiwa kimya, chipu kubwa huzimwa, na anayebaki macho ni bawabu mmoja tu, kipande kidogo cha saketi kisichokula hata punje, ametega sikio. Sauti ya mtu ikisikika, bawabu huigonga chipu kubwa, nayo huamka, hunawa uso na kuanza kuandika. Kwa ujanja huo betri ya kiberiti ilitoka kifungua kinywa ikafika chakula cha jioni bila kutetereka. Majaribio yalipokamilika wenzake walipiga makofi. Hata bosi alimpa mkono. Bosi huyo walimwita Mzee wa Gramu, lakini akiwa hayupo tu, kwa sababu mezani kwake palikuwa na mizani na alipima hata skrubu. Alisema neno ambalo hakuwa mwepesi wa kulisema: "Safi."

Kichwa cha Bi Chaji kilivimba kidogo, na tumwachie, alikuwa amekitolea jasho. Kofia moja ya majaribio aliipeleka kwa baba yake.

Baba yake alikuwa refa wa mpira wa miguu tangu ujanani, na hata alipostaafu mtaa mzima uliendelea kumwita Refa. Alitukanwa na viwanja vizima, na siku zote alisema hakusikia kitu. Uzeeni ikawa kweli. Masikio yalipungua kidogo kidogo, kama redio inayopunguzwa sauti na mtu usiyemwona, mpaka akajikuta anatazama midomo ya watu na kubahatisha. Mama yake Bi Chaji alikuwa nesi wa wodi ya wazazi, naye pia alikuwa amestaafu. Huyo kazi ilimfundisha kusema neno moja, mara moja. Sukuma. Pumua. Tulia. Nyumbani hakubadili gia. Alisema "dirisha," na aliyekuwa karibu alijua kama ni la kufungwa au la kufunguliwa kwa kutazama mawingu tu. Salamu ndefu aliwawekea wageni. Mumewe alipewa maneno ya kazi: chai, viatu, mvua, lala. Ndivyo walivyopendana, na aliyedhani ule ni ukali hakuwa amekaa nao.

Siku za mwanzo kofia ilikuwa sherehe. Refa aliketi barazani akisoma maneno ya mtaa mzima bila kuhangaika. Jirani akitoa kichekesho, alicheka pamoja na watu, si baada yao. Bi Chaji alipoona hivyo kwa mara ya kwanza ilibidi aingie ndani ajifanye anatafuta maji ya kunywa, maana machozi yalikuwa karibu.

Kisha mambo yakaanza kwenda upande.

Siku moja, akimsindikiza hadi getini, baba yake alimshika mkono. Huwa anamwita "mama," kwa kuwa ndiye aliyerithi jina la bibi yake.

"Mama, hii kofia yako ni nzuri, sina neno. Ila nikuulize wewe mwenye ufundi wako. Inaweza kuchagua watu?"

"Kuchagua vipi, Baba?"

"Inaandika maneno ya muuza maziwa. Inaandika ya jirani, hata yale ambayo ningeomba isiyaandike. Ya mama yako haiandiki." Akatazama viatu vyake. "Ama inachagua, ama mama yako haongei nami tena. Tukibaki wawili, kimya. Nimewaza, labda amenichoka. Miaka ni mingi, mtu anaweza kuchoka."

"Mama akuchoke wewe? Angeshakutolea kadi nyekundu zamani."

Refa alicheka, lakini kicheko cha adabu tu, kile cha kumridhisha mtoto asiondoke na mzigo. Bi Chaji aliondoka nao hivyo hivyo.

Alipokuja tena alimkuta mama yake jikoni anamenya viazi. Mama hakuinua kichwa.

"Ile kofia rudisha."

"Kwa nini, Mama?"

"Baba yako ameoa."

"Mama!"

"Ameoa kofia. Namwambia jambo, hageuki. Zamani hasikii, lakini ananitazama. Sasa hasikii na hatazami." Akatupa ganda la kiazi kwenye ndoo. "Nimekuwa kiti."

Kwa mama yake, hiyo ilikuwa hotuba. Aliimaliza na kurudi kwenye viazi kana kwamba ametoa taarifa ya hali ya hewa. Wazee wake walikuwa wanaachana bila kuhama chumba, kila mmoja ameumia na amejinyamazia, na kati yao kimekaa kitu alichokitengeneza yeye mwenyewe kwa mikono yake.

Basi akalivalia njuga. Alirudi na kofia kazini, akaifungua kila mahali panapofunguka. Maikrofoni zilikuwa nzima. Betri ilikuwa nzima. Aliwaita wenzake mmoja mmoja, akaziba masikio kwa vizibo vya sponji na kuivaa.

"Habari za saa hizi, Bi Chaji?"

"Nzuri, za kwako?"

"Salama tu. Nyumbani hawajambo? Haya, nataka kukuuliza, kofia ina shida gani?"

Maneno yakaelea kando ya kidevu cha msemaji, meupe, bila kosa. Akaja mwingine, naye akaanza na habari za asubuhi, akapitia za familia, akafika kwenye jambo lake, na kofia ikaandika. Kijana mmoja wa upande wa maandishi, waliyemwita Herufi, aliuliza kama labda mama yake ananong'ona.

"Mama yangu alikuwa anawasemesha wanawake walio kwenye uchungu," Bi Chaji alimjibu. "Hanong'oni."

Akairudisha nyumbani bila jibu, akakaa na wazee sebuleni apate kuona kwa macho yake. Mbele yake kofia haikukosa hata neno. Mama alisema "sahani," na pembeni mwa jicho la Refa ikaandikwa sahani. Ilikuwa kama lile jino linaloacha kuuma ukifika kwa daktari. Refa akamtazama mkewe kwa furaha, mkewe akatazama pembeni, na Bi Chaji alipoondoka, kimya kikarudi kukaa mahali pake.

Kilichomfumbua macho ni mafua. Yalimpata vibaya, yakamnyang'anya sauti yote, na siku ya mapumziko alikwenda kwa wazazi wake akiwa hawezi kutoa hata shikamoo. Aliinamisha kichwa kwa heshima, baba akaitikia kwa mkono, mama akamgusa paji la uso na kumwonyesha kochi. Akaketi. Refa alikuwa na gazeti lake. Mama alikuwa anashona kifungo cha shati. Hakuna aliyekuwa na la kusema, na hakuna aliyejilazimisha. Taa ndogo iliyo kwenye mkanda wa kofia, ile ya kijani, ilizimika. Kofia ilikuwa imelala kama alivyoifundisha.

Kimya kikawa kirefu. Nje upepo ulianza kupeperusha nguo kwenye kamba.

"Mvua," alisema mama, sindano bado kwenye tundu la kifungo.

Refa akafungua ukurasa wa gazeti. Taa ya kijani ikawaka. Iliwaka baada ya neno kwisha kabisa, ikasubiri, haikusikia kitu, ikazimika tena.

"Refa," alisema mama.

Taa ikawaka kwa kuchelewa vilevile, ikaukuta ule ule ukimya, ikalala. Refa alikuwa anasoma habari za mpira kwa utulivu wa mtu ambaye hajaitwa. Mama aliweka shati chini, akainuka, akampita mumewe kama anavyopitwa mtu usiyemjua njiani, akaenda kuanua nguo peke yake.

Bi Chaji alikaa pale kochini na aibu inampanda kama homa juu ya homa. Sasa aliiona yote, na ilikuwa rahisi kiasi cha kuudhi. Kofia inahitaji kitambo kidogo cha kuamka, muda wa kupiga chafya mbili. Ofisini hakuna aliyewahi kugundua, kwa sababu ofisini hakuna anayeanza na neno la maana. Wote wanaanza na habari za leo, na za nyumbani, na watoto je, na wakati salamu zikienda na kurudi kofia inaamka, inanawa uso, inakaa tayari. Kilichopotea ni "habari" moja, ambayo kila mtu anajua jibu lake. Yeye mwenyewe kila akiingia nyumba hii alianza na shikamoo, kisha porojo za njiani, akaiamsha kofia kwa ajili ya wote. Muuza maziwa alianza na hodi. Jirani alianza na kikohozi. Mtu pekee duniani aliyezungumza na Refa bila salamu ni yule anayelala naye kitanda kimoja, na huyo hakuwa na neno la pili. La kwanza ndilo lilikuwa lote.

Mama aliporudi na nguo mikononi, Bi Chaji aliwakalisha wote wawili. Kwa sauti ya chura, aliyoikamua kwa shida, akawaeleza: bawabu, chipu, kuamka, kuchelewa. Alisema kosa ni lake. Alisema Baba hakupuuza mtu, na Mama hakunyamaza. Refa alisoma maneno ya binti yake mpaka mwisho, na uso wake ukafunguka kama wa mtu aliyeambiwa majibu ya hospitali ni mazuri. Akamgeukia mkewe.

"Umesikia, Nesi? Ililala!"

Mama alikuwa anakunja nguo. "Nimesikia. Kofia ililala." Akaweka taulo juu ya taulo. "Na macho yake?"

Hilo kofia iliwahi kuliandika. Refa alilisoma likiwa linaelea kando ya kidevu cha mkewe mpaka likafifia. Ni kweli kwamba zamani alimtazama. Alipokuwa anabahatisha midomo alimtazama siku nzima, kama alivyokuwa akitazama mguu wa beki kwenye eneo la hatari, asije akakosa kitu. Kofia ilimwahidi kwamba hatakosa, akaacha kutazama. Bi Chaji aliondoka jioni ile akijua kwamba usingizi wa kofia anaweza kuutibu, lakini hilo lingine halina skrubu.

Sauti iliporudi alimwendea Mzee wa Gramu.

"Bosi, ile kofia ina kosa."

"Kosa gani? Tumeshafunga majaribio."

"Naomba uivae, na uzibe masikio. Tukae tu."

Mzee wa Gramu alikuwa na mapungufu yake, lakini si mtu wa kukataa jaribio. Akaziba masikio, akavaa kofia, akaketi. Bi Chaji akaketi mbele yake akiangalia dirishani. Walikaa hivyo mpaka Herufi akapita mlangoni, akarudi nyuma, akachungulia, akaamua hayamhusu. Ndipo Bi Chaji, bila kugeuza uso, akasema kwa sauti ya kawaida: "Moto."

Bosi aliendelea kutabasamu kwa subira. Baadaye kidogo alitoa kizibo kimoja. "Tunaanza saa ngapi?"

"Nimeshasema, Bosi."

"Umesema nini?"

"Nimesema moto."

Mzee wa Gramu aliangalia kwanza chumba kizima, pembe zote nne, na baada ya hapo ndipo akaivua kofia na kuiweka mezani taratibu.

Dawa ilikuwepo na Bi Chaji alikuwa nayo tayari kichwani. Mbali na bawabu awekwe karani, kumbukumbu ndogo isiyolala, inayoshika kila sauti inayopita na kuitunza kwa muda, ili chipu kubwa ikiamka ikute neno la kwanza linaisubiri, iliandike hilo kabla ya mengine. Litachelewa kidogo kuonekana, lakini litaonekana. Ubaya ni kwamba karani anakula. Yeye na maikrofoni zake wakikaa macho siku nzima, betri ya kiberiti haifiki chakula cha jioni. Itakufa alasiri.

"Basi weka betri kubwa," alisema bosi, kisha akajishika mwenyewe. "Hapana. Usiweke. Uzito huu tumeupigania kama ugomvi wa shamba. Kisogo cha mzee hakibebi zaidi."

"Sijaomba betri kubwa. Naomba nijaribu hivi hivi, na kofia moja."

"Kwa nani?"

"Kwa baba yangu."

Bosi aliizungusha kofia mikononi. Alisema watu wameahidiwa jioni, na ikiwa kofia itakufa alasiri wataitupa kabatini. Kisha akasema ajaribu, lakini alete majibu ya kweli, asije kutia chumvi kwa sababu ni baba yake.

Bi Chaji alilehemu karani kwa mkono wake mwenyewe, na Herufi akamrekebishia programu. Siku ya mapumziko akaipeleka. Baba aliivaa tangu asubuhi. Bi Chaji alitoa shikamoo yake, akawaeleza kwamba leo kofia itashika kila neno hata la kwanza, lakini itachoka mapema. Kisha akajitenga kwenye meza ya kulia chakula, pembeni, na simu yake inayoonyesha chaji ya kofia, akaapa moyoni kwamba hatafungua mdomo tena. Ukimya wao wawili ndio uliokuwa unapimwa, na hakutaka kuuharibu.

Ila kulikuwa na jambo ambalo hakulipanga. Mama hakusema kitu.

Asubuhi ikapita. Mama alifagia, akapika, akapakua, yote kwa mikono. Chai ilifika mbele ya Refa bila neno chai. Dirisha alilifunga mwenyewe. Hakuwa amenuna, na hilo ndilo lililomuuma binti yake zaidi. Alikuwa amezoea. Alikuwa mtu aliyejaribu mlango ukakataa, akajifunza kuishi upande wake. Na karani kule kisogoni alikaa macho, ametega masikio yote, anakula umeme bure. Kwenye simu chaji ilikuwa inashuka. Bi Chaji alitamani kupiga kelele, Mama, sema, sema lolote, sema kiazi. Aling'ata kidole.

Refa alikuwa na gazeti lakini halikufunguliwa. Mchana ulipoanza kuegemea upande wa pili, ile taa ya mkanda, kila ilipowashwa na sauti ya mpita njia, ikageuka kutoka kijani kwenda manjano, na baadaye nyekundu. Ndani ya miwani Refa naye alikuwa anaiona, kale kapicha ka betri pembeni kanapungua. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha siku zote, kando yake, na soksi na uzi mapajani.

"Nesi," alisema Refa. Sauti yake ilikuwa kubwa kuliko alivyodhani, kama ilivyo ya viziwi wote. "Betri inakwisha. Nimekaa tangu asubuhi nasubiri neno lako, na sitaki iishe sijalipata hata moja. Niliogopa kwamba umenichoka. Nikaona bora nisome gazeti kuliko nikutazame na kujua kwamba ni kweli."

Mama aliacha kushona. Alikaa muda mrefu, mrefu kiasi kwamba taa nyekundu ikazimika na kofia ikasinzia.

"Geuka," alisema mama.

Karani alilishika. Taa ikawaka, na kwa kuchelewa kidogo, pembeni mwa jicho la Refa, likaandikwa: Geuka.

Refa akageuka. Hakugeuza shingo tu, aligeuza na kiti, miguu ya kiti ikakwaruza sakafu, mpaka magoti yao yakagusana. Na mama, ambaye binti yake alimjua kwa neno moja moja, akafungua mdomo na kutoa ya moyoni. Alisema alimwita kwa ajili ya mvua akaanua peke yake. Alisema alimwambia goti linauma, wala Refa hakuinua macho. Alisema siku ile habari za msiba wa rafiki yake wa wodini zilipofika, alisimama hapo hapo alipo sasa, akamwambia amekufa, akangoja, naye Refa akafungua ukurasa mwingine, na yeye akaenda kulia bafuni na bomba limefunguliwa asisikike, kisha akakumbuka kwamba hana wa kumsikia. Hakulia alipokuwa anasema. Aliyelia ni Refa, ndani ya miwani, ukungu ukapanda kwenye vioo.

Kofia ilizima katikati ya sentensi. Bi Chaji aliona taa ikifa, akaona na simu yake ikisema hakuna kitu. Baba hakuashiria chochote kwake, hakumtazama. Mama ndiye aliyenyoosha mikono, akaivua taratibu ile kofia kichwani mwa mumewe, akampangusa macho kwa soksi aliyokuwa anaishona, akamshika kidevu ili aone midomo yake vizuri, akaendelea. Refa alikuwa anabahatisha. Mengine aliyapata, mengine alitikisa kichwa, na alipotikisa kichwa mama alilisema tena, polepole zaidi.

Bi Chaji alichukua viatu vyake mkononi, akatoka kwa mlango wa nyuma bila kuaga.

Kazini, Mzee wa Gramu alikuwa anamsubiri karibu na mizani, kalamu mkononi.

"Ile kofia ya Refa. Ilifika wapi?"

"Alasiri."

"Kama ulivyosema. Na karani?"

"Alishika neno la kwanza."

"Safi." Bosi alianza kuandika. "Basi tuseme inatosha."

"Haitoshi, Bosi," alisema Bi Chaji. "Ilizima bado wanaongea."

Kalamu ilisimama. Mzee wa Gramu alimtazama uso, akaona macho yaliyokesha. Akavuta droo ya chini, akatoa kasha la betri zile kubwa ambazo mwenyewe alizipiga marufuku, akachagua moja na kuiweka juu ya mizani.